Kwa Papa Bahati, Aliyesimamisha Magari

Mtani wangu,

Umekufa bila ruhusa yangu, na hilo tutalizungumza tukionana. Leo nina habari za kona yetu.

Imeharibika. Umeme ukikatika na roboti, zile taa za barabarani, kuzima, magari ya mtaa wetu wa Marshalltown yanakutana katikati kama mbuzi wa maboma mawili. Kila mmoja honi, hakuna anayerudi nyuma. Zamani ungeacha kiatu cha mteja na sindano ikiwa bado ndani, ukavaa kizibao chako cha rangi ya chungwa, ukaingia barabarani tumbo likitangulia.

Nami kutoka kwenye kibanda changu cha kusuka nywele: "Papa Bahati, tumbo limeshavuka, sasa vuka na wewe!"

"Nyamaza, mtu wa Kigoma! Kwenu kuna baiskeli mbili, na zote za padri!"

Nilicheka, lakini niliona. Teksi zilisimama. Magari ya matajiri wa Sandton yenye vioo vyeusi yalisimama, hata la polisi. Hakuna aliyewahi kushusha kioo aulize kama mkono ule una kibali cha kuishi nchini.

Sasa sikia. Kamati ya wachuuzi imepata rangi, ikachora ukutani nyuso za watu walioihudumia kona hii, kwa ajili ya Siku ya Urithi. Nikapeleka picha yako. Mwenyekiti, yule muuza viazi, akaitazama, akanirudishia.

"Eish, Mama Thandi. Alikuwa mtu mzuri. Lakini ukuta huu ni wa wananchi."

Wa wananchi! Kana kwamba miaka yote ile ulikuwa unawavusha samaki. Sikushangaa sana. Marehemu mume wangu aliipigania nchi hii, akanioa akiwa uhamishoni, na mpaka leo wenyeji wanasifu Kizulu changu kisha wananiuliza narudi kwetu lini.

Ila mtani ana haki yake msibani, kwetu na ng'ambo ya ziwa kwenu. Anamwiga marehemu, anamsema, na hakuna wa kumfunga mdomo. Tulipokuja kumaliza matanga yako pale kona, nikavaa kizibao chako, nikafunga mto tumboni, nikaingia barabarani kwa ule mwendo wako wa bata aliyetoka harusini. Watu waliumwa mbavu kwa kucheka. Mwenyekiti naye alikuwa anavuka na toroli lake. Nikanyanyua mkono.

Akasimama. Papa Bahati, alisimama kabla hajafikiri! Viazi vikamwagika barabara nzima.

Nikamwambia mbele ya wote: "Umeona? Mwili wako unamkumbuka. Ni mdomo tu uliomsahau."

Akacheka na yeye, tukaokota viazi pamoja, nikajua tumeshinda. Wapi! Ukuta ukazinduliwa bila wewe, na diwani akahutubia kirefu kuhusu wajenzi wa taifa.

Basi nikachukua brashi. Niliandika jina lako chini ya nyuso zao, kwa adabu, maana waliochorwa sina ugomvi nao. Yule mama wa maandazi anastahili hata ukuta wake peke yake. Kulipokucha, nikakuta limepakwa chokaa. Nikaandika tena, kubwa zaidi. Wakafuta. Safari ya tatu nilikuwa juu ya ngazi, Thandi akaninyang'anya brashi. Binti yangu, ambaye Kiswahili changu anakijibu kwa Kizulu tangu azaliwe! Akaandika mwenyewe, kwa Kiswahili, chini ya jina lako: *Alisimama hapa ili sisi tupite.*

Mwenyekiti anasema ataita askari wa jiji. Nimemwambia awaite siku umeme umekatika, tuone watafikaje.

Sijui litadumu mpaka lini. Lakini nakuahidi, mtani: wakifuta, naandika. Rangi ikiisha, mkaa upo. Siku nikichoka, Thandi anajua ngazi ilipo.

Pumzika sasa. Na huko uliko usianze kuwapanga malaika foleni; wale wana mabawa, hawakuhitaji.

Sisi bado tunakuhitaji.

Mtani wako asiyenyamaza,
Mama Thandi