Rukia atasoma Kibiti

Nyamwage, Jumanne

Basi amechagua Kibiti. Asipofaulu kemia, chuo cha uuguzi hakitampokea mjukuu wangu, na mwalimu wa hapa karibu anawanakilisha tu wanafunzi maandishi ya ubaoni. Yule wa Kibiti hueleza mpaka mtu aelewe. Ila kungojea basi barabarani kila alfajiri, pengine kupanda lori...

Leo amepiga simu Bi Mwanaisha, jirani yetu wa Mbwera kabla mafuriko hayajatuhamisha. "Mtoto wa Mbwera adandie malori, na mimi nipo Kibiti? Mlete akae kwangu."

Miaka yote hii nilidhani ujirani ule ulikwenda na maji.

Rukia ananitania: "Mume wangu, nikiondoka usioe mwingine."

Nimemjibu nitafikiri. Kisha nikalala mchana kutwa, usingizi mzito ambao wasiwasi wa malori ulikuwa umeninyima.