Mstari wa Chini Kwenye Bango la Baba

Shikamoo Shangazi,

Wiki mbili sasa nakuandikia barua hii kichwani huku nikiosha vyombo, basi leo nimeiweka kwenye karatasi, na nakuomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanikemea.

Baba yangu ni mchapaji. Nimekulia chini ya meza yake ya kupangia karatasi, na kila msimu wa uchaguzi ulipofika duka lilijaa nyuso za wagombea zikining'inia kwenye kamba kama nguo zilizofuliwa, na baba alikuwa na desturi moja ambayo hakuivunja hata kwa rafiki: chini kabisa ya kila bango lazima uwepo mstari mdogo unaosema nani amelilipia, na mstari huo alinipa mimi niusome kwa sauti kabla mtambo haujawashwa, nikiwa na miaka saba, nikikwama kwenye majina marefu, na mafundi wakinitania, "Haya, Jaji Mkuu, tuchape au tusichape?" nami najibu, "Chapeni!" na sakafu nzima inaanza kutetemeka. Shangazi, sijapata cheo kikubwa kuliko kile.

Nadhani ndiyo maana nikaishia kwenye kazi hii. Niko katika shirika dogo linalodai kila mgombea aseme wazi fedha za kampeni yake zimetoka kwa nani. Uchaguzi uliopita mgombea mmoja alijaza mji mabango yasiyo na mstari wa chini, na alipoulizwa akasema ni mashabiki tu wamejichapishia. Mkurugenzi wetu, ambaye tunamwita Mama Bayana, akanisukumia bango moja mezani. "Wewe si binti wa mchapaji? Tutafutie aliyelichapa. Tukimpata yeye, tumempata aliyelipa."

Nikalishika, nikapitisha kidole gumba ukingoni bila kufikiri, nikakuta kijino. Kisu cha mashine ya baba ya kukatia kina pengo tangu nikiwa darasa la pili, na hakuna karatasi iliyokatwa pale isiyobeba kijino hicho.

"Umeona kitu?" akauliza.

"Bado, naendelea kutafuta." Nimeshasema hivyo mara tatu.

Nikaenda kwa baba. Duka lilikuwa kimya, kamba tupu. Nikamwonyesha bango. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Ni karatasi tu, mama."

"Mstari uko wapi, baba?"

"Mwenye kazi alisema usiwepo."

"Na wewe ukakubali?"

"Mtambo ulikuwa umelala miezi minne. Siku hizi nani anachapa? Watu wanatumiana picha." Kisha akacheka kidogo. "Zamani nilikuwa na jaji hapa ndani. Amehama."

Akaenda kunawa mikono. Kitabu cha oda kilikuwa wazi, nikaona aliyeagiza kazi ile ni mkandarasi wa barabara, nikaupiga picha ukurasa kwa simu. Baba hajui. Ripoti yetu inatoka Jumatatu, na nikiitoa picha wanaweza kumfungia duka, na nikiificha mkandarasi atajichukulia zabuni zote za barabara na mimi nitaendelea kuwahubiria watu uwazi, lakini kinachoniumiza kuliko vyote ni kwamba kila nikifumba macho naona zile asubuhi za kusoma mstari, na sijui kama zilikuwa kweli. Nifanye nini?

Binti wa Mchapaji

*

Marahaba, binti yangu. Nimekusikiliza mpaka mwisho. Sasa zamu yako.

Zilikuwa kweli. Hilo tulimalize. Mtu aliyeshika desturi miaka yote ile hakuwa anaigiza kwa ajili ya mtoto wa miaka saba. Amekosea mara moja, uzeeni, na kosa ni kosa, ila acha kumwombolezea mtu aliye hai. Ulimuuliza mstari uko wapi. Hukumuuliza miezi minne ile alikuwa anakula nini. Msomi mzima!

Halafu hiyo picha. Kazi yenu ni kudai mambo yasifanyike kwa siri, nawe umemvizia mzee aliyekwenda kunawa mikono. Na kazini umemdanganya mkuu wako mara tatu. Wewe na baba yako mmerithiana zaidi ya unavyodhani.

Basi kesho, mchana, si kwa simu, nenda dukani. Mwonyeshe ile picha kabla hujasema neno lingine. Mwambie unajua, na kwamba ripoti inatoka Jumatatu. Kisha mwombe akipeleke kitabu cha oda mwenyewe. Mchapaji anayejileta ni shahidi. Anayefuatwa mpaka mlangoni ni mshtakiwa. Mtafutie kwanza wakili asiye wa shirika lenu. Siwezi kukuahidi kwamba hatatozwa faini. Akitozwa, utachangia, maana kazi ile ndiyo iliyokusomesha.

Akikataa, usimbembeleze wala usimtishe. Siku hiyohiyo nenda kwa Mama Bayana, umwambie sentensi mbili: "Bango limechapwa na baba yangu. Nimekuficha, naomba nitoke kwenye uchunguzi huu." Picha mkabidhi, kwa sababu anayenunua barabara zetu ni yule mkandarasi, na hawezi kuachwa kwa kuwa wewe unampenda baba yako. Sote tuna baba.

Baba yako atanuna. Pengine mwezi, pengine mpaka mwaka uishe. Nenda kila Jumapili, msalimie, ukae. Asipoitikia, msalimie tena.

Shangazi