Mama Alipojisemea Mwenyewe

Nyuma ya Soko la Viazi Vikuu,
S.L.P. 88,
Techiman, Ghana.
12 Februari 2018

Mpendwa Kaka Yaw,

Hujambo huko Toronto? Wifi Abrafi na mtoto wanaivumiliaje baridi? Sisi huku tu wazima. Goti la Mama limetulia. Mjomba Badu bado anakohoa, na bado hataki kwenda kupimwa.

Nina habari ambayo tangu juzi inanizunguka kichwani. Shule ya bweni ya wasichana iliyoko barabara ya Wenchi ilitangaza nafasi ya mpishi mkuu. Unajua tangu wakodisha mahema waanze kuja na wapishi wao, Mama haitwi tena kupika misibani. Angeikosa kazi hii, angefunga nyumba arudi kijijini kulima. Usaili wenyewe ni kwa Kiingereza, basi nikawa mwalimu wake.

Kila alasiri alimenya mihogo huku nikimfundisha Kiingereza cha kuomba kazi: mdhamini, zamu, kusimamia watu. Maneno aliyashika upesi mpaka nikajionea aibu na miaka yangu ya darasani. Ila tulipofika kwenye neno experience, yaani kazi ulizofanya zikakukomaza, aliweka kisu chini.

"Hapo andika sina," akasema. "Si ndivyo Yaw alivyoandika kwenye fomu zenu za shule? Kazi ya mama: hana."

Nikamuuliza miaka thelathini ya kulisha waombolezaji ni nini basi.

"Huko ni kupika tu, Pinamang."

Na lilikuwepo jingine. Kwenye usaili mtu hujisifu mwenyewe, na Mama alikataa katakata. Kwetu mtu hajisemei jambo zito; husemewa na msemaji wake. Mjomba naye akachochea: "Mwanamke akijisifu mwenyewe watu watasema hana kwao." Siku ya usaili akatufuata mimi na Mama, kitambaa kipya begani.

Wasaili walikuwa watatu. Mkuu wa shule, mama mmoja mwenye miwani, akauliza, "Mzee, anayeomba kazi ni nani?"

"Dada yangu. Mimi ni mdomo wake."

Akatolewa nje kwa heshima, akaja kukaa nami barazani. Madirisha yalikuwa wazi. Mkuu akamwomba Mama aeleze anachokiweza. Akarudia mara ya pili. Nami nikaanza kuiona safari ya kijijini.

Kisha nikasikia kiti kinakwaruza sakafu. Mama alihamia kwenye kiti alichokiacha Mjomba, akakielekea kile chake kitupu, na kwa Kiingereza kilichonyooka akasema: "Mwanamke huyu ana experience ya miaka thelathini. Amesimamia wapishi kumi na wanane. Amelisha watu mia sita siku ya mvua, kuni zimelowa, na hakuna aliyelala njaa wala aliyeumwa tumbo."

Kaka, nilipigwa na butwaa. Maneno nilimpa mimi, lakini aliyekuwa akiyasema nilihisi sijapata kumwona maishani. Mjomba akaninong'oneza, "Huyu ameninyang'anya kazi."

Mkuu wa shule hakucheka. Akauliza taratibu, "Na mwanamke mwenyewe anasemaje?"

Mama akarudi kwenye kiti chake. "Anasema ni kweli."

Anaanza Jumatatu.

Nilipomsomea barua hii aliniambia niifute habari ya fomu, eti ulikuwa mtoto. Sikuifuta. Wewe uliandika "hana" na mimi nikanakili kwako miaka sita, nikila chakula alicholeta kutoka kwenye sufuria zile zile za misibani. Naona haya, na nadhani nawe utaona.

Msalimie sana Wifi, umbusu mtoto. Mjomba Badu anakusalimu na anaulizia koti ulilomwahidi. Mungu awafunike huko kwenye theluji.

Dada yako asiyeacha kukukumbuka,
Pinamang

Nami nakusalimu, mwanangu. Nimeandika kwa mkono wangu.
Takyiwaa, mpishi.