Neti Juu ya Bamia

Jumatatu, 3 Novemba 2025
Mwezi wa tisa tangu nitoke Busia. Bado tunakausha bamia hapa ugenini, chini ya mlima wa Jebel. Inasagwa, inachanganywa na karanga, inatiwa kwenye pakiti. Mteja anamimina maji moto tu, mboga tayari. Mama Namutebi, mwenye kazi, anatafuta cheti cha chakula kisicho na kemikali, hoteli zinunue. Mkaguzi anakuja. Tukipita, ninaruhusiwa kwenda nyumbani Krismasi. Mke wangu Roselyn amepanga ubatizo wa mtoto wetu siku hiyo. Alizaliwa nikiwa huku. Sijamwona.

Alhamisi, 6 Novemba
Nzi! Mama anasema mkaguzi akiona nzi, tumekwisha. Amechukua neti yangu ya mbu, ile mpya ya bure ya kliniki, akafunika bamia.
"Mama, na mimi?"
"Wewe iko mwanaume, Dancan."
Nikaomba basi dawa ya mbu ya kupuliza. Hapana! Hapa chakula iko asili.
"Hata mbu iko asili," akasema Edrine, ninayefanya naye kazi, Mganda kama Mama. Mama hakucheka.

Jumapili, 16 Novemba
Malaria. Bamia haina hata nzi mmoja.

Jumanne, 18 Novemba
Mkaguzi ni Cheryl, wa Nairobi. Mpole. Amesifu usafi. Kichwani nilikuwa nimeshafunga begi. Kisha akashika neti, akasoma kile kilebo cha pembeni.
"Hii imetiwa dawa ya kuua wadudu, mama."
"Lakini iko ya kliniki! Hata mtoto analala ndani!"
"Mtoto haliwi, mama."
Bamia yote imekataliwa. Tukaushe nyingine, atarudi kuikagua Machi. Mama ameniambia mwenyewe: hakuna cheti, hakuna ruhusa.

Jumatano, 19 Novemba
Neti nimerudishiwa. Inanuka bamia. Ile iliyokataliwa Mama hataki kuitupa, amesema tule sisi. Edrine amekula sahani mbili. Anasema sasa mbu akituuma, atakufa yeye.

Jumapili, 23 Novemba
Bamia mpya iko juani, wazi. Kazi yangu sasa ni kusimama na taulo, kufukuza nzi. Leo pia.
Roselyn amepiga simu. Padri hawezi kusogeza siku. Nikamwambia wambatize tu.
"Na nani atasimama mahali pako?"
"Kaka yako."
Akauliza:
"Kwa hiyo unakuja lini?"
Nzi walikuwa wametua kila mahali kwenye bamia, taulo liko begani. Pasaka, nimesema. Pasaka nitakuwa nyumbani.