Aliyetoka Kwenye Mstari wa Majembe

MAELEZO YA SHAHIDI

JINA: Limi Ngusa
UMRI: Miaka 21
KABILA: Msukuma
KAZI: Mwanafunzi wa ualimu, mwaka wa kwanza
MAKAZI: Chumba cha kupanga, Geita mjini. Nyumbani ni Mhunze, Kishapu
TAREHE: 13/02/2026

Mimi ndiye Limi niliyetajwa hapo juu. Nasema kwa hiari yangu yale niliyoyaona, siyo ya kusimuliwa.

Nilianza chuo mwezi wa kumi na moja. Nyumbani tunakula sinia moja, watu kibao, kugombania mboga. Hapa nakula peke yangu. Kuna siku nilisonga ugali nikautazama mpaka ukapoa. Kwa hiyo nilipowaona Jembe Moja, kikundi cha wanafunzi wanaocheza bugobogobo, ile ngoma ya majembe, wamekaa uwanjani wanakula matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, na kuitana ng'wanawane, yaani mwanangu, niliwatamani. Sioni haya kusema. Nilitaka na mimi mtu aniite hivyo.

Mnamo tarehe 07/02/2026, Jumamosi, majira ya saa tano asubuhi, tulipelekwa wageni wawili kwenye shamba la viazi nyuma ya chuo. Mwenzangu ni Paskazia, binti wa wachuuzi wa samaki wa Nkome, hajazoea jembe. Kiongozi wa kikundi, Mwigulu, alituambia, "Kwetu mtu haombi kuingia, analima. Maji ni baada ya ngoma." Stanslaus akaanza kupiga ngoma, wengine wakaimba pembeni.

Afande, kwetu vijana wakilima kwa ngoma, mpigaji hufuata mwendo wa aliye nyuma, na yupo mtu wa maji anayepita mstarini. Hawa walichukua jembe na ngoma, maji wakayaacha kijijini. Nilitaka kuwaambia, lakini mgeni ni kuku mweupe. Nikaendelea kulima.

Saa saba hivi Paskazia alirusha jembe likaangukia mbali. Akapiga magoti, kichwa kinayumba. Kwenye bugobogobo mchezaji mahiri hurusha jembe na kupiga magoti, kwa hiyo walimshangilia. Mwigulu akasema, "Ngoma imempanda huyo." Stanslaus akaongeza mwendo. Hata mimi nilidhani anacheza, na nilimwonea wivu. Kisha nikaona gauni lake mgongoni ni kavu kabisa, wakati langu limeloa jasho chapachapa. Nikamwita. Alinitazama kama hanijui.

Niliweka jembe chini. Mwigulu akasema taratibu, "Limi, ukitoka mstarini umetoka kwetu." Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Nilikimbilia kwa jirani, Mama Loveness, tukaja na ndoo ya maji tukammwagia, ndipo wengine wakaelewa na ngoma ikanyamaza. Mimi na Mama Loveness tulimpeleka hospitali kwa bajaji.

Tangu hapo hawanisalimii. Juzi nilipita uwanjani, walikuwa wamekaa duara na kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Nilipokaribia wakasogeleana, nafasi ikajaa.

Umeniuliza kama nataka kikundi kifungwe. Sitaki. Kikifungwa, sisi tunaokula peke yetu twende wapi? Nataka mgeni apokewe siku ya kwanza, ale nao, aitwe ng'wanawane kabla hajashika jembe. Jembe atafundishwa. Na akichoka akae kivulini, ahesabike kuwa ni wa kwetu. Nimesema wa kwetu. Uandike hivyo hivyo.

Jana nilimpelekea Paskazia uji wodini. Amepata nafuu, anaongea. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Dada Limi, tumepita?" Nikamwambia anywe uji kwanza, usije ukapoa.

Sina la kuongeza. Haya ndiyo maelezo yangu.

Sahihi ya shahidi: L. Ngusa

MAELEZO YA MWANDISHI: Mimi, Koplo Chacha, nimeyaandika haya kama yalivyotamkwa, nikamsomea shahidi, akakiri ni sahihi. Kabla ya kutia sahihi aliuliza kama yupo mwenzake yeyote wa kikundi aliyekuja kituoni. Nilimjibu kuwa yeye ndiye wa kwanza. Akaomba akae kwenye benchi la nje awasubiri. Mpaka nafunga jalada saa kumi na mbili jioni, alikuwa bado amekaa.