Yohana Amewekwa Kwenye Barafu

Muthangari, Nairobi
Jumapili

Dada yangu mpenzi Marita,

Naomba barua hii iwakute wazima, wewe na Mama. Kikohozi chake kimeisha? Mimi ni mzima, na mume wangu yu hai. Neno hilo nimeharakisha kuliandika kwa sababu binamu yake amerudi jana kutoka huko, akasema aliwaambia Yohana amewekwa kwenye barafu, na wanawake wakaanza kumlilia. Barafu ni kweli, Dada, lakini si ile ya maiti.

Alikuwa akipaua nyumba mpya Hurlingham, akateleza, akaangukia kichwa. Nilipofika hospitali alikuwa amezimia. Daktari alinieleza kwamba ubongo umevimba, na kwamba mwili ukipozwa sana, huenda uvimbe ukapungua. Hakuniahidi kitu. "Hata akiamka, pengine hatakujua," alisema. Na tumeoana miezi miwili tu!

Walimwekea mifuko ya barafu kwapani na mapajani, feni ikimpulizia. Yohana wangu, anayeniimbia kila asubuhi akinyoa ndevu, alikuwa baridi kama samaki. Nilishindwa kuvumilia. Muuguzi alipotoka nilimfunika blanketi letu la harusi, nikamkumbatia nimpe joto langu.

Muuguzi, mama mmoja wa Machakos, akanikuta. "Bibi arusi, unafanya nini?"

"Anaona baridi, Mama."

"Ndiyo dawa yake. Sisi tunapoza, wewe unapasha moto? Toa hilo blanketi. Kama mapenzi yamekuzidi, mshike kidole."

Nikashika kidole siku nne. Kisha wakaanza kuondoa barafu polepole, mfuko mmoja mmoja, na juzi akafumbua macho. Daktari akamwuliza, "Huyu ni nani?" Alinitazama kwa muda mrefu, Dada, hata nikaogopa kupumua. Halafu akasema taratibu, "Mke wangu. Mbona hamjampa kiti?"

Muuguzi alicheka mpaka akafuta machozi. Mkono wa kulia bado mzito, na maneno mengine yanampotea. Nitamkatia nyama mwenyewe, nitamkumbusha maneno, nina maisha yangu yote.

Msalimie Mama, na mjomba anayetuchungia ng'ombe. Mama mkwe wangu msomee barua hii taratibu, ukianza na pale mwanawe aliposema.

Ni mimi mdogo wako,
Rebeka, mke wa Yohana. Amesema mwenyewe.