Ujamaa wa Kusimama

Jumatano, 4 Machi 1981

Leo nimekuwa wa kwanza kwenye foleni ya sukari. Kariakoo nzima imeniona mgongo.

Uongo. Bi Tatu jirani aliniwekea jiwe alfajiri kushika nafasi, mimi nikaja saa mbili nimeshashiba uji. Nikakuta jiwe limepigwa teke na sukari imekwisha. Nimerudi na kikapu kitupu, njiani nimewatukana watu wawili wasiohusika.

Jioni mwanangu Shomari karudi kutoka gereji Gerezani anacheka peke yake. Kasele kahamishiwa Dar, meneja wa shirika la umma. Denisi naye yuko mjini kwa semina ya walimu. Hao ndio aliolala nao bweni moja sekondari. Jumapili watakuja kula. Nimesema vizuri. Moyoni nimesema mengine, siyaandiki. Karatasi ghali.

Jumapili, 8 Machi

Nina hasira. Herufi zinakwenda upande.

Wamekuja. Kasele ana gari na kitambi, vyote vya serikali. Denisi kabaki mwembamba, miwani kubwa kuliko uso. Watu wa miaka thelathini na kitu, wanacheka kama wako bwenini. Nikafurahi hata mimi. Kasele ni Mnyamwezi, mimi Mzaramo, mtani wangu wa halali. Nimemwita mtumwa wangu, mjukuu wa wapagazi. Kanijibu Wazaramo tunauza shamba tukachezee ngoma. Safi.

Kisha akaanza kusimulia mgomo. Maharage yenye wadudu, shule nzima ikagoma kula. Mkuu wa shule kawakusanya, kauliza kiongozi nani, asimame. Kasele anasema: "Tukasimama wote watatu! Kama mnazi!" Kapiga paja. Denisi kaangalia sahani yake.

Zuhura, mke wa Shomari, alikuwa anaosha vyombo pale uani. Kageuka na povu mikononi. "Kumbe mlisimama wote? Na huyu miaka yote ananiringia alisimama peke yake!"

Wakacheka. Shomari naye kacheka! Kameza tonge, kacheka.

Mimi niliifuata shule ile kwa treni kumwombea msamaha. Mkuu aliniambia kwa mdomo wake: vijana walikubaliana kusimama wote, kasimama huyu mmoja. Wenzake walikaa kimya wakamaliza shule. Mwanangu kafukuzwa, karudi na sanduku la bati, kaingia chini ya magari mpaka leo. Kitu kimoja tu alichotoka nacho shule ni kule kusimama. Sasa na hicho wanagawana. Kila kitu cha ujamaa, haya, mashamba, maduka. Na kusimama kwa mwanangu?

Jumanne, 10 Machi

Zuhura hajanyamaza. Asubuhi kamwita "shujaa wa watatu". Kampa uji: "Haya, simama unywe, na wenzio." Ni mzaha wake, si mwanamke mbaya. Ila Shomari kaacha uji mezani.

Nimemwambia Zuhura ukweli wote. Kanipiga kofi la bega. "Baba nawe! Juzi ulisema umekula meza moja na gavana wa Kiingereza."

Nilisema kweli hilo. Yaani ni kweli kwamba nilisema.

Basi nimekwama. Maneno yangu hayanunuliwi nyumba hii hata kwa mkopo. Lazima litoke kinywani mwa Kasele mwenyewe, Zuhura akisikia.

Alhamisi, 12 Machi

Shomari anakula gereji sasa. Anarudi, analala. Nimemuuliza kwa nini hakumkatalia Kasele palepale. Kajibu: "Baba, walikuwa wamefurahi." Upuuzi. Nimemtuma awaalike tena Jumapili. Nimeuza saa yangu ya ukutani kupata mchele na nyama. Ilikuwa imekufa, lakini aliyenunua hajui.

Jumapili, 15 Machi

Niandike kabla sijapoa.

Viti viwili vya wageni. Kimoja Denisi. Kasele alipotaka kukaa nikavuta kile kingine, nikaweka miguu yangu juu. "Wewe si ulisimama shuleni, mtumwa wangu? Umezoea. Simama."

Vicheko. Utani ni utani, mtani hanuniwi. Kasele kapewa sahani yake, kala pilau wima kama askari wa kwata. Alitaka kuegemea ukuta. Nikasema ukuta ni wa Kizaramo. Alitaka kuchuchumaa. Nikasema shuleni ulichuchumaa? Zuhura alicheka mpaka kashika kiuno.

Nyama ikaisha. Chai ikaja. Bado kasimama, jasho shingoni. Denisi kasema kwa sauti ndogo, "Mzee, imetosha, saa nane inakaribia, gari itazuiliwa." Jumapili magari mwisho saa nane, serikali inabana mafuta. Nikasema aende kwa miguu, babu zake walifika pwani hivyohivyo wakiwa na pembe za ndovu kichwani. Hakuna aliyecheka. Mimi mwenyewe sikucheka. Nikasikia sauti yangu imebadilika, haina mzaha tena. Hapo nilikuwa nimevunja utani. Nilijua. Sikujali.

Saa nane ikapita. Kasele kaweka kikombe chini.

"Nilikaa, Mzee."

Denisi kavua miwani.

"Tulikaa wote. Shomari aligeuka akatutazama. Mimi nikainama kama nafunga kamba za viatu. Nilikuwa peku." Kajifuta uso kwa mkono wa shati. "Nimeisimulia vile kwa watu mpaka nikajiona nimesimama. Naapa najiona."

Zuhura aliacha kumwaga maji. Alimtazama mumewe, sijui nielezeje, kama mtu aliyemkanyaga mgonjwa gizani.

Nilitaka kupiga kigelegele. Shomari kainuka. Kanyanyua miguu yangu kutoka kwenye kiti, polepole, kaiweka chini. Kachukua kiti, kampelekea Kasele. Kisha kanigeukia.

"Nani alikutuma, Baba?"

Kasele hakukaa. Wameondoka wote watatu kwa miguu. Gari iko nje, watoto wanaandika majina yao kwenye vumbi.

Nani alinituma! Nimeuza saa yangu ya ukutani kwa ajili yake!

Jumatatu, 16 Machi

Kasele kaja kuchukua gari. "Shikamoo, mtani." Marahaba, nimeitoa kwa meno. Kasema jana nilikasirika kweli, na mtani akikasirika anatozwa. Kachukua kofia yangu ya vito, kavaa. Ni haki yake.

Nikamuuliza walizungumza nini njiani. Kasema walifika Mnazi Mmoja wakakaa kwenye nyasi. Alimwomba Shomari msamaha. Shomari kasema aliposimama siku ile alijua wao wako nyuma yake. Angejua yuko peke yake, naye angekaa.

Kaenda na kofia yangu.

Miaka yote nimejigamba na shujaa. Nilichokuwa nacho ni mtoto aliyewaamini wenzake. Nimezidi kukasirika. Simjui wa kumkasirikia.

Ijumaa, 20 Machi

Mvua. Sikwenda mbali.

Zuhura kamwekea Shomari mnofu mkubwa mchana. Naye kala nyumbani. Mimi kanisalimia, basi. Siku ya tano hii, shikamoo, anapita.

Maneno ya kumwambia nayajaribu hapa kwanza, kesho nitayasema kwa mdomo:

Shomari, mwezi uliopita nilikushonea zipu ya ovaroli, ukasema kwa malipo utanikata kucha za miguu. Mgongo wangu hauinami tena. Wembe ninao, maji nitayachemsha mwenyewe. Njoo unikate. Si lazima tuongee.